Kidole Kimoja cha Makoye

Hivi wewe umewahi kukaa nyumba moja na mkweo, mchana kutwa, yeye chumbani na wewe mlangoni, na hamruhusiwi kutazamana usoni? Kama hujawahi, usimcheke Nyamizi. Yeye alikaa hivyo miezi minne, hapo kwake Nyahanga, na mkwe mwenyewe alikuwa mgonjwa.

Mkwe huyo ni Makoye, mume wa binti yake Vumilia. Miaka kumi na minne alifanya kazi Runzewe kwenye karasha, zile mashine zinazosaga mawe ya dhahabu yakawa unga, na unga wenyewe ulimkaa mpaka kwenye kope. Kikohozi kilipomwanza alipewa dozi ya kifua kikuu, miezi sita. Hakikuisha. Akapewa tena. Mara ya tatu daktari mmoja akasema huyu apigwe picha kubwa, akapelekwa Mwanza, na huko ndiko lilikoonekana donge kwenye pafu la kulia. Saratani. Alitundikiwa dripu nne, nywele zikapukutika zote, kisha akaambiwa aende nyumbani, atakuwa anaangaliwa hukohuko.

Nyumbani ni wapi sasa? Chumba chao cha kupanga Runzewe kilikuwa hatua chache kutoka kwenye karasha, vumbi linaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Wazazi wake walikwisha kufa. Mtoto wao Luka alikuwa bwenini, sekondari. Basi Vumilia akamchukua mumewe akamleta kwa mama yake. Msukuma kwenda kuugulia ukweni si jambo dogo. Makoye alishuka kwenye gari amejifunika shuka kichwani kama mtu anayepelekwa polisi.

Vumilia alipata kibarua cha kupepeta mchele kwenye mashine ya kukoboa, akawa anatoka alfajiri na kurudi jua likizama. Mchana walibaki wawili, mama mkwe na mkwe. Mila unazijua: hawapeani mkono, hawali pamoja, hawagusani, na mama haingii mahali mkwe wake alipolala. Nyamizi alitundika pazia mlangoni, la kitenge cha maua ya njano, na bakuli la uji akawa analiweka kizingitini. Kusema naye moja kwa moja aliona haya, kwa hiyo alisema na kuku.

"We kuku," anasema, "uji umepoa, na leo una karanga."

Na ndani sauti inajibu, nyembamba, "Kuku, mwambie mwenye nyumba nashukuru."

Jirani yao Generosa aliposikia mazungumzo hayo alicheka mpaka akakaa chini. Akamwambia Nyamizi kwamba kuku yule siku atakayochinjwa, nyumba nzima itabaki bubu. Nyamizi akamjibu kwamba kuku wake ana heshima kuliko majirani wengine.

Sasa, kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi alikuwa anakuja sista Noela kutoka Shinyanga. Huyu hakuwa nesi wa sindano tu. Alikuwa amesomea wagonjwa wa saratani ya mapafu, hao peke yao, na alikuwa kwenye utafiti wa kuwauliza wagonjwa wa Shinyanga na Geita wanavyohudumiwa na wanavyojisikia. Alikuja na karatasi zake kwenye mfuko wa kitambaa, viatu vyake vyeupe anavivua nje hata akiambiwa asivue. Maswali yake yalikuwa arobaini. Mengine yalimshangaza Nyamizi, kama lile la kuuliza ulipoambiwa jina la ugonjwa wako ulikuwa umekaa au umesimama. Makoye alijibu kwamba alikuwa amesimama, kwenye korido, na watu wanapita na machela. Sista akaandika. Nyamizi alikuwa hajui kwamba jambo kama hilo linaweza kuandikwa.

Likafika swali la maumivu. Sista alifundisha kwa mkono: ngumi ni huumwi kabisa, kidole kimoja ni kidogo, vitano ni huwezi kustahimili. Mara ile ya kwanza, kabla Makoye hajatoa mkono kwenye blanketi, Nyamizi alikwisha kujibu kutoka nyuma ya pazia kwamba anaendelea vizuri sana, labda kidole kimoja tu. Halafu Makoye akainua kidole kimoja.

Usidhani Nyamizi alikuwa na roho mbaya. Kwanza, kwao mgeni hapokelewi kwa orodha ya shida. Mtu ametoka Shinyanga kukuona, unampa kiti, unampa michembe ya viazi, unamwambia hatujambo. Pili, Generosa alikuwa amemwambia kwamba watu wa utafiti wakiona mgonjwa haendelei vizuri wanamfuta, wanachukua mwingine, kama mwalimu anavyomhamisha mtoto mzito. Kwa hiyo Nyamizi alijibu kama anayefanya mtihani. Mwezi wa pili akajibu hivyohivyo. Wa tatu pia. Sista aliomba mara moja kubaki na mgonjwa faragha, lakini Makoye mwenyewe akakataa, akasema mama abaki, hapa ni kwake.

Baina ya mwezi wa tatu na wa nne Nyamizi alianza kuona blanketi la Makoye, analolianua Vumilia siku za kufua, limetafunwa upindoni. Upande mmoja tu, kama shibiri mbili, nyuzi zimetoka. Akasema ni panya. Alinunua mtego gulioni, akautega kwa dagaa, akamwagiza Vumilia ausukume chini ya kitanda. Wiki mbili mtego ukakaa. Dagaa walikauka wakawa kama misumari, panya hata mmoja hakunaswa, na blanketi likazidi kutafunwa. Nyamizi akamlaumu muuza mtego.

Siku moja, kama saa nne asubuhi, alikwenda bombani na ndoo mbili. Bomba halikuwa na maji. Akarudi upesi kuliko kawaida, tena alipitia nyuma ya nyumba kuangalia nguo kwenye kamba. Dirisha la chumba cha Makoye lilikuwa wazi nusu. Hakukusudia kuchungulia. Aliona tu.

Makoye alikuwa amekaa kitandani, mgongo umepinda, mkono mmoja umeshika mbavu. Kikohozi kilikuwa kinamjia kwa mafungu, na kila fungu likija anakamata upindo wa blanketi na kuubana kwa meno, macho ameyafumba, mishipa ya shingo imesimama. Sauti haikutoka. Likipita anauachia, anavuta pumzi, anasubiri lingine. Alifanya hivyo kama mtu aliyezoea kazi yake.

Nyamizi aliweka ndoo chini polepole zisigongane. Alikwenda akakaa jikoni, hakupika kitu. Ule msemo wa mficha maradhi aliujua tangu utoto, amewatupia watu wengi, hata msibani amewahi kuusema. Leo ndio kwanza aliona kwamba maradhi haya aliyeyaficha ni yeye.

Jioni alimwita Vumilia pembeni, nyuma ya tangi, akamuuliza kama anajua habari ya blanketi. Vumilia aliinamisha kichwa. Alijua. Alisema Makoye amemkataza kusema, anasema kulia ukweni ni aibu kuliko kufa, na mchana kikohozi ni kibaya zaidi kwa sababu hakuna wa kumsaidia.

"Na mimi niko wapi mchana?" Nyamizi aliuliza.

Alhamisi ilipofika, Nyamizi hakumsubiri sista ndani. Alimsubiri kwenye ua wa minyaa, amejifunga kitenge vizuri, kama anayekwenda barazani. Sista alipofika alimpa shikamoo, naye akaitikia marahaba, halafu akamzuia kwa mkono asiingie bado. Alimweleza yote palepale wamesimama: michembe, mtihani, panya, dirisha. Alisema, mwanangu, miezi mitatu nimekudanganya, na kama ni kufutwa, nifute mimi, mgonjwa umwache.

Sista Noela hakukasirika, ila aliufungua mfuko wake na kuufunga tena bila kutoa kitu. Alisema hakuna anayefutwa. Akasema utafiti si mtihani, hauna kufaulu. Halafu akasema neno ambalo Nyamizi alilirudia baadaye kwa Generosa zaidi ya mara moja:

"Mama, karatasi zangu zinasema watu wa huku hawaumwi. Wakubwa wakizisoma watauliza dawa ya maumivu inaletwa ya nini."

Ipo dawa, akaeleza, ya maji, inanywewa kwa kipimo, inaitwa mofini. Lakini hawezi kumwombea mtu aliyeinua kidole kimoja.

Nyamizi akaona njia ni rahisi. Akamwambia sista aingie peke yake, yeye anakwenda kwa Generosa, huko atakaa mpaka aitwe. Akaenda kweli. Alikaa kwenye kigoda akisikia habari za mbuzi wa Generosa kuharisha, hasikii hata moja. Haikupita muda sista akamfuata. Kidole kilikuwa kilekile, kimoja.

"Amesema mama alikwisha sema," sista akaeleza. "Anasema akisema vingine atakuwa amekufanya mwongo nyumbani kwako."

Hapo ndipo Nyamizi alipoelewa kwamba kuondoka hakutoshi. Lile alilolifunga kwa mdomo wake, ni mdomo wake tu ungelifungua. Generosa akataka kuuliza ni kitu gani, akaambiwa akae na mbuzi wake.

Walirudi wote wawili. Nyamizi alisimama kizingitini. Pazia lilikuwa limeteremshwa, akalishika pembe, hakulifunua. Alitafuta namna ya kuanza, akaona hakuna, akaanza tu.

"Baba Luka," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita. "Ni mimi ninayesema, usimtafute mwingine. Nimeandikisha uongo kwenye karatasi ya watu. Nimesema huumwi. Nimekuona dirishani, juzi, bomba lilipokauka. Aibu ni yangu, nimekwisha kuibeba, wewe huna ya kubeba. Mjibu sista kama ulivyo."

Sista aliingia, akaketi kwenye kiti chake, pazia likabaki limeinuka kidogo pembeni pale alipopita. Nyamizi akatazama chini, kwenye sakafu, lakini kivuli cha mkono alikiona ukutani. Kidole kimoja. Kisha viwili. Vikakaa hapo, kama anayehesabu tena. Kisha mkono wote ukafunguka, ukarudi kwenye blanketi.

"Vitano," sista akasema taratibu, akaandika. Akauliza tangu lini. Makoye akasema tangu mvua za kwanza. Akauliza ni wapi. Akaonyesha. Akauliza analalaje, akasema halali, anakaa. Sasa majibu yalikuja moja baada ya jingine, mafupi, pumzi zikiyakata katikati, na sista hakumharakisha. Alisema dawa ataifuata yeye mwenyewe, kesho itakuwa imefika, na atamfundisha Vumilia kuipima. Mkono wake haukuacha kuandika. Nyamizi pale mlangoni alikuwa anasikia habari za mtu aliyekaa naye miezi minne kana kwamba analetewa barua kutoka mbali.

Likabaki swali la arobaini. Miezi yote lilijibiwa hakuna, sista akalisoma na leo vilevile, kama lilivyoandikwa: kuna jambo gani ungependa ufanyiwe, ambalo hufanyiwi?

Kikohozi kilimjia Makoye, akakamata upindo wa blanketi, halafu akauachia, akakohoa kwa sauti, kwa mara ya kwanza mchana katika nyumba ile. Sista alimwekea kiganja katikati ya mabega, akamwinamisha mbele kidogo, akamshikilia hivyo mpaka fungu likapita. Alipotulia uso ulikuwa umelowa.

"Hivyo," alisema.

"Hivyo vipi, kaka?"

"Hivyo ulivyofanya. Vumilia hunishika hivyo jioni. Mchana..." Akavuta pumzi. "Mwambie mama."

Sista hakugeuka. Alimwambia mama yupo hapo, anasikia.

Makoye akayainua macho, akatazama penye pazia, pale lilipoachia nafasi, na macho yake hayakushuka.

"Mama," alisema, "naomba uwe unaingia. Unishike mgongo."