Harusi Iliyorukwa

Walimwita Bi Sauti, na jina lilimkaa, maana riziki yake ilitoka kooni. Kazi yake pale maktabani ilikuwa kuwasomea vitabu wasioona. Anaingia kwenye chumba kilichozibwa kuta kwa magodoro, feni inazimwa isije ikanguruma kwenye kinasa sauti, anakunywa maji ya uvuguvugu, anasoma. Upande wa pili wa kioo hukaa fundi mitambo, masikio yamezibwa na vidude vyake. Sharti lilikuwa moja tu: msomaji asome kilichoandikwa, asiongeze wala asipunguze. Amesoma vya sheria, amesoma vya ufugaji wa kuku, na hakuna aliyewahi kumsikia akinung'unika. Mpaka kilipokuja kile kitabu cha majoka.

Kitabu chenyewe kinene kama tofali, na sifa zake zilitangulia mbali. Redioni kinasifiwa, madukani watu wanakipangia foleni, na jirani yake, ambaye hakuwa amegusa kitabu tangu aache shule, alikisoma huku mboga inaungua. Bi Sauti naye alikifungua kwa hamu, tusimsingizie. Kufika sura ya tatu, hamu yote ilikuwa imemwisha. Binti mfalme anajiuma mdomo kila ukurasa, hata unajiuliza mdomo gani huo usiokwisha. Mpenzi wake ni joka lililoishi karne na karne, linalojigeuza kijana mtanashati, na pamoja na umri wote huo bado linanuna kama mtoto aliyenyimwa peremende. Vita vya kuangamiza dunia vinamalizwa kwa aya mbili. Macho ya binti yanaelezwa kurasa kwa kurasa: macho ya dhahabu, macho ya moto, macho ya bahari iliyokasirika. Bi Sauti alipata kichefuchefu cha kweli, kile cha kushika tumbo.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alimwambia fundi wakati wa mapumziko. "Na hiki kimetembezwa mpaka kimeota sugu miguuni."

"Mimi nasikiliza sauti, dada. Kitabu sisikilizi," fundi akajibu, akiendelea kumenya chungwa lake.

Jibu hilo ndilo lililomponza. Walipoanza tena, akaruka sentensi moja ya macho. Fundi kimya. Akaruka aya. Akaja kuruka kurasa, na kila akiruka anajisikia kama mtu aliyefagia uani. Sura ya mwisho ilikuwa harusi ya binti na joka ndani ya mlima wa moto, gauni na viatu na macho tena, na hiyo aliipita kama unavyopita jalala, pua umeibana. Lakini kitabu hakiwezi kuishia hewani. Basi akatunga mwisho wake mwenyewe: binti alilitazama lile joka vizuri, akaona lilivyo, akalikimbia. Akafunga kitabu na kujipongeza.

Sasa, aliyekuwa akikisubiri kitabu hicho kuliko wote ni shangazi yake, dada wa baba, aliyemlea na aliyekuwa akiishi naye nyumba moja. Shangazi aliugua macho akiwa mtu mzima, akapofuka, lakini kazi hakuacha. Alipokea simu za hospitali, na ukimtaja daktari, kidole chake kimeshafika kwenye kitufe. Wenzake kazini walikuwa wamekolea kile kitabu, wanakisimulia mpaka chai inapoa, na yeye anakaa kando ya mazungumzo kama mgeni asiyejua lugha. Alipoletewa kitabu kilichorekodiwa na mpwa wake alikisikiliza mpaka akasahau kula. Bi Sauti alimwona akitabasamu, naye akavimba kichwa.

Jioni moja shangazi alirudi kutoka kazini, akasukuma sahani pembeni, akakaa na fimbo yake mapajani.

"Shangazi, unaumwa?"

"Binti mfalme aliolewa, hakuolewa?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nakuuliza wewe uliyekisoma."

"Aliolewa, shangazi."

Mama wa watu akatikisa kichwa polepole. "Leo wanawake wa maabara walikuwa wanabishania gauni la harusi. Nami nikajitosa, mtu mzima na akili zangu: harusi gani, mbona alilikimbia? Walicheka, mwanangu, hata mmoja akapaliwa na chai. Nikazidi kubisha, wakazidi kucheka. Halafu muuguzi mkuu akanishika bega kwa huruma. Akasema, pole mama, labda ulisinzia. Kusikiliza si sawa na kusoma."

"Kile kitabu ni uchafu, shangazi! Nilikuwa nakuepusha tu."

"Nani alikutuma?"

"Macho kila ukurasa! Rangi za macho, mng'ao wa macho..."

"Ahaa. Kumbe ni macho uliyoyatoa." Sauti ya shangazi ikashuka. "Ukaona kipofu, macho ya nini."

"Haki ya Mungu, sikuwaza hivyo."

"Basi waza sasa. Rangi nazikumbuka. Dhahabu naijua, moto naujua. Chakula kikiwa kimechacha, nipe nionje mwenyewe, niteme mwenyewe. Wewe umenitafunia, ukanitemea mdomoni, nami nikaenda kujisifu mbele za watu kwamba nimeshiba."

Kinyaa chote alichokuwa nacho Bi Sauti juu ya kile kitabu kilimgeukia yeye, na hiki hakikuwa cha kuondoka kwa kunywa maji ya uvuguvugu.

Asubuhi alimweleza fundi yote, hata ule mwisho wa kutunga. Fundi alivua vidude masikioni.

"Umewatungia watu mwisho? Dada, una wazimu? Wakubwa wakijua, wewe huna kazi na mimi sina."

"Najua. Nataka kukisoma upya chote."

Fundi akakubali. Shangazi aliposikia, akachukua likizo, akadai kukaa chumba kile kile, ahakikishe kwa masikio yake. Wakamvua bangili zisilie, wakampa kiti chenye mto, akatulia kimya. Bi Sauti akasoma. Alisoma kila mdomo ulioumwa na kila jicho lililowaka, hakuharakisha, hakubana pua. Walipofika kwenye harusi, joka likatoa ulimi wake wenye panda likamlamba bibi harusi machozi, kope kwa kope, huku jeshi zima linapiga makofi. Sauti ya Bi Sauti haikutetereka. Pembeni yake alimsikia shangazi akivuta pumzi kwa meno.

Kinasa sauti kilipozimwa, wa kwanza kusema alikuwa fundi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amesikiliza kitabu, na uso wake ulikuwa umekunjamana kama aliyetafuna mbegu ya chungwa.

"Yaani hiki ndicho watu wanachokipangia foleni?"

"Ni kibaya," alisema shangazi. "Aa, mwandishi gani huyu! Kumlamba bibi harusi mbele ya wakwe!" Akatoa leso, akajifuta mdomo kana kwamba yeye ndiye aliyelambwa. "Na rangi zenyewe amekosea. Moto haukai hivyo."

"Si nilikwambia, shangazi?"

"Hukuniambia. Ulinificha." Akanyoosha mkono arudishiwe bangili zake, akazivaa moja moja. "Kesho narudi kazini."

"Ukawaambie kwamba kinanuka?"

"Hilo baadaye," alisema shangazi. "Kwanza nawaambia nimekisoma."