Kisu cha Baba Mkwe Kwenye Sufuria ya Chupa

Nilikitoa kisu kwenye maji ya moto pamoja na chupa mbili za mwanangu Nalepo, nikakifuta, nikajaribu kukikunja. Hakikukunjika.

Mpini wake ni vipande viwili vya pembe, vyeusi vyenye mistari ya rangi ya asali. Sasa kimoja kilikuwa kimebinuka kama kandambili iliyoachwa juani, na ule ubapa wa chuma ukakwaruza njiani, ukakataa kuingia.

Nilikuwa nimekichemsha dakika kumi. Kliniki nesi alitufundisha hivyo: chochote kinachogusa chakula cha mtoto, chemsha. Na jana jioni baba mkwe wangu, Mzee Eliamini, alikata parachichi kwa kisu hicho, tonge la kwanza la Nalepo tangu azaliwe. Alipoondoka kwenda kulala kwa dada yake, mtaa wa Sakina, akaniachia. "Kioshe vizuri, Paker. Kesho kina kazi."

Kazi yenyewe ni kuchinja kondoo wa mtoto, nyumbani kwao Oldonyosambu. Mume wangu Lesian alikuwa ameshatangulia kuandaa. Baba angetupitia nyumbani kwetu Kijenge saa sita.

Paker ni jina letu sisi wawili. Siku ya harusi alinipa kondoo jike, na kwa kabila lao aliyetoa kondoo na aliyepewa huitana hivyo maisha yao yote. Mimi ni Mchaga wa Machame. Pale bomani wengine bado wananiita "yule wa Lesian." Baba peke yake ndiye aliyenipa jina la kuitikia, na nililiona likipinda pamoja na kile kisu.

Kilichonichanganya zaidi ni hiki. Baba husema kisu hicho kimekanyagwa na trekta, kimelala mtoni wiki nzima, na kimezika visu vitatu vya mpini wa plastiki vya Lesian. Pembe haifi, husema. Sasa pembe isiyokufa inalegezwaje na sufuria ya chupa? Ama nimeharibu pembe, ama Baba amesifia plastiki miaka arobaini. Sikujua kipi kibaya zaidi.

Nikambeba Nalepo mgongoni, nikapanda bodaboda mpaka Kwa Mrombo, kwa Mzee Efraimu anayenoa na kutengeneza visu pale sokoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umeleta nini?" Akakigeuza, akakinusa. "Umekipika."

"Nimekichemsha."

"Ulitaka supu?"

"Nilitaka kiwe safi. Babu, hii ni plastiki?"

Akanisogezea puani. "Inanukaje?"

"Kama nywele zilizoungua."

"Plastiki hainuki nywele. Hii ni pembe, tena ya ng'ombe mzee. Wewe si wa hapa."

"Machame."

"Ahaa. Kwenu mnachemsha kila kitu, hata ndizi mbivu." Wanawake wauza nyanya pembeni wakacheka. Na mimi nikacheka kidogo, ingawa machozi yalikuwa karibu.

Nikategemea atatoa nyundo. Badala yake akabandika sufuria kwenye jiko na kukitumbukiza tena kwenye maji yanayochemka.

"Babu, si hayo maji ndiyo yaliyokiharibu?"

"Ndiyo hayo hayo."

Baadaye akakitoa, akakibana kwenye jiliwa katikati ya vibao viwili, akakaza taratibu, akaniambia nimnyonyeshe mtoto mpaka kipoe. Nikakaa juu ya gunia la vitunguu nikinyonyesha na kuwaza. Mwaka huu nasoma masomo ya jioni, kemia imo, lakini hakuna ukurasa ulionieleza jambo hili. Kilipofunguliwa kilikuwa kimenyooka. Kikakunjika kwa ule mlio wake mdogo.

Baba alifika saa sita kasoro. Nikainamisha kichwa, akanigusa utosini kama kawaida. Nikampa kisu. Akakifungua, akakifunga, akakifungua. Kisha akakinusa.

"Nilikichemsha, Baba," nikasema kabla hajauliza. "Kikapinda. Nimekipeleka kwa fundi."

Nalepo akapiga chafya.

"Pembe hii ni ya dume langu la kwanza," akasema. "Niliichemsha mwenyewe, siku nzima, nikaikandamiza kwa mawe. Wewe ulidhani lile dume lilizaliwa na pembe bapa?"

Kweli, pembe ni ya mviringo, na mpini ni bapa. Nimekishika kisu kile mara ngapi bila kujiuliza.

Akakitia mfukoni. Tukapanda gari, na njia nzima mpaka Oldonyosambu alizungumza na dereva habari za mvua. Hakuniita kwa jina lolote. Nikahesabu: tulipopita Ngaramtoni, hakuna. Kwenye kona ya wauza mahindi, hakuna.

Jioni, kondoo ameshachinjwa, wanawake wakaniletea bakuli la mafuta yake yaliyoyeyushwa, anayokunywa mama mwenye mtoto. Nilipoliinua, Baba akanizuia kwa mkono. Akachomoa kisu kilichooshwa, akakiweka mapajani mwangu.

"Kianze hicho. Maji yamekikausha. Kipake kwa kidole, polepole, Paker."

Nikapaka. Ile mistari ya asali ikarudi mmoja mmoja. Nilitaka kumwangalia usoni nijue kama alikuwa amekasirika na sasa amesamehe, au hakukasirika kabisa, lakini yeye alikuwa anamwangalia Nalepo, aliyekuwa anaunyoshea mkono mpini.

"Na usikipike tena," akasema.