Ukuta Unaotoka Jasho

Kitendawili changu cha mwaka ule hakikuwa na mtegaji. Chumbani mwangu palikuwa na ukuta unaotoka jasho. Si mvua, maana ulitoka jasho hata kiangazi, jua likipasua vichwa. Si bomba, maana bomba liko upande wa pili wa ua. Kila nikiamka nilikuta unga mweupe umeangukia kandambili zangu, na ukigusa ukuta, mkono unarudi na ubaridi kama umeshika pua ya mbwa.

Nyumba yenyewe ni ya zamani. Aliijenga baba mkwe wangu: mawe hadi kiunoni, juu yake matofali ya kuchoma, na vyote vimeunganishwa kwa chokaa. Niliingia humo bibi harusi, nikazalia humo watoto wanne. Sasa mwanangu mkubwa, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi, alikuwa amekwishakata shauri.

"Mama, Ijumaa wanakuja kubomoa. Upande wote huo unashuka chini, tunajenga upya. Na wewe unahamia kwangu."

"Kwa muda?"

"Kwa muda," akajibu, huku akitazama dari. Mtoto yule tangu ana meno ya maziwa, akidanganya hutazama dari.

Lawama za ukuta alikwisha kumtwika shemeji yake, mume wa binti yangu, ambaye ndiye aliyetengeneza mfereji wa paa. "Kaufunga mfereji kama anafunga mzigo wa kuni! Maji yote yanaingia ukutani!" Walirushiana maneno hapo uani. Mkwe wangu, mtu mpole asiyeweza kufukuza hata kuku, akakusanya vyombo vyake akaondoka. Miezi minane hakukanyaga kwangu. Nami nilikuwepo, nilisikia, nikanyamaza. Kwa nini nilinyamaza? Tulia, nitafika.

Nilimwomba mwanangu jambo moja tu: kabla ya hiyo Ijumaa, aje fundi mwashi anayejua nyumba za kale autazame ukuta. Akakubali. "Ila mama, fundi akisema bomoa, sitaki machozi."

Jumatatu akaja mwanamke wa makamo, mfupi, suruali imekolea vumbi la chokaa. Mafundi wenzake wanamwita Sikio, na sababu niliiona kabla hajamaliza kunisalimia. Alitoa nyundo ndogo, akabandika sikio ukutani kama jirani mmbea, akaanza kugonga. Ko, ko, ko.

"Wanasema nini huko?" nikamuuliza.

"Hapa wanasema karibu." Akasogea, akagonga tena. "Hapa wanasema hatupo." Kweli, pale pa hatupo palilia kama debe tupu.

Kisha akakwangua ule unga mweupe kwa kidole, akaulamba.

"Wewe mwanangu! Chai ipo ndani humu, ya nini kula nyumba yangu?"

"Chumvi, bibi," akasema, akijifuta ulimi. "Maji yakipanda kutoka ardhini huja nayo. Lakini pengine ni pumzi zako tu, maana unalala madirisha yamefungwa. Mimi sibishani na ukuta, nauuliza."

Akakata kipande cha nailoni, ukubwa wa sahani, akakibandika ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne. Tukikuta matone upande wetu, alisema, maji yanatoka chumbani. Tukiyakuta nyuma ya nailoni, yanatoka ndani ya ukuta wenyewe. Akabandika kipande kingine kwenye ukuta wa jikoni, akaenda zake.

Basi mimi, mtu mzima niliyezika na kuzalisha, nikashinda nikichungulia nailoni kama mtoto anayesubiri yai liangue. Jumanne fundi hajavua hata viatu, nikampokea kwa kelele: "Nyuma! Yako nyuma!"

"Bibi, utaniacha bila kazi."

Tukaenda jikoni. Kule nailoni ilikuwa kavu mbele, kavu nyuma. Ukigonga, wote wanasema karibu. Fundi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawa anatazama kuta mbili zile kupitia mlangoni, huu na huu.

"Kitendawili," akasema.

"Tega," nikajibu. Mimi kwa vitendawili sihitaji kubembelezwa.

"Mapacha wa baba mmoja. Wamesimama kwenye udongo mmoja, mfereji wa paa unaopita juu yao ni mmoja. Mmoja analia, mwenzake anacheka. Huyu anayelia alifanywa nini?"

Tangu nikiwa na akili zangu sijawahi kushindwa kitendawili ambacho jibu lake ninalo mdomoni. Siku hiyo nilishindwa.

"Nipe mji," fundi akacheka. Nikampa mji.

Jibu, ambalo sikumwambia, ni hili. Miaka mitatu nyuma, chokaa ilikuwa inadondoka kati ya mawe, chembe chembe, inachafua shuka zangu. Niliona aibu kuita watu kwa jambo dogo hivyo. Stoo palikuwa na mfuko wa saruji uliobaki. Nikaukoroga mwenyewe kwenye beseni la kufulia, nikaziba kila kiungo cha ukuta, nikaona haitoshi, nikaupaka wote hadi kifuani kama ninayepaka mkate siagi. Mfuko ukaisha kabla sijafika jikoni. Nikapiga rangi juu, nikajiona fundi. Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba, na ukuta nikaambiwa unajengwa.

Ukuta ulipoanza kulia, nilihisi. Lakini nikisema, mwanangu angepata neno alilokuwa analitafuta: mama hawezi tena kuachwa peke yake. Basi mfereji wa mkwe wangu ukabeba.

Jumatano fundi akashika tindo na nyundo, akafungua dirisha dogo kwenye saruji yangu. Ilibanduka kipande kizima kama kifuniko cha sufuria, na nyuma yake zimeganda nyuso za matofali. Tofali lililobaki ukutani lilikuwa laini. Ulilichimba kwa ukucha.

"Tazama, bibi. Chokaa ni dhaifu, na udhaifu wake ndio kazi yake. Maji yakipanda, hutokea kwenye viungo, upepo unayachukua. Chumvi ikila, inakula chokaa, nawe unaweka nyingine. Aliyepaka hii alifunga milango yote. Maji yakabaki na njia moja, katikati ya tofali." Akaligeuza lile pande mkononi. "Nani huyu?"

"Watu wa zamani," nikasema.

Akanusa rangi. "Watu wa zamani hawakuwa na rangi ya kopo." Akarudi kwenye tindo yake.

Ijumaa mwanangu akafika na wanaume wawili wenye nyundo kubwa. Fundi Sikio alikuwa amesimama mbele ya ukuta.

"Haya, fundi. Ni ule mfereji, siyo?"

"Mfereji mzima kabisa. Unapita juu ya jikoni vilevile, na jikoni pakavu. Kilichoua hapa ni saruji."

"Saruji kapaka nani?"

"Mimi nimeikuta," fundi akasema, akitazama ncha za viatu vyake.

"Nani mwingine! Ni shemeji huyohuyo. Kumbe ana makosa mawili!" Akatoa simu mfukoni.

Kunyamaza mara ya kwanza unaweza kusema ulipitiwa. Mara ya pili ni wizi.

"Weka simu," nikasema. "Ni mimi. Kwa mikono hii."

Wale wenye nyundo wakaacha kutafuna miswaki yao.

"Mama. Miezi minane umeniacha nikimsema mtu wa watu?"

"Nilijua nikitamka utanihamisha."

"Kumbe badala ya kukuhamisha wewe nimemhamisha shemeji!"

Mmoja wa wale wanaume akakohoa. "Bosi, tubomoe, au kwanza kesi iishe?"

Mwanangu alimgeukia fundi. "Ukuta utasimama?"

"Mawe mazima. Matofali thelathini na manane yamekufa, nitayatoa moja moja nikiweka mengine ya kuchoma. Saruji yote itoke, viungo vijazwe chokaa. Ila kukauka si leo wala mwezi ujao, na bibi asilale humu mpaka ukauke. Sikudanganyi."

"Nipe hiyo nyundo."

Akagonga. Akabandika sikio. Akaenda jikoni, tukamsikia, ko, ko, akarudi, akagonga tena palepale, macho ameyafumba. Nilimtazama mtu mzima yule na tumbo lake, shavu limejaa rangi yangu nyeupe.

"Hapa hamna mtu," akasema.

"Hapo wanasema hatupo," nikamwambia.

Akajifuta shavu, akawaambia wale wawili waende. Kisha kwangu: "Utalala chumba cha mbele. Humu nyumbani hutoki. La kwangu na shemeji nitamwambia mwenyewe. La kwako utasema wewe, sasa hivi." Akabonyeza namba, akanishikisha simu.

"Shikamoo mama," sauti ya mkwe wangu ikaja, ya chini, kama anayetarajia msiba.

Nikamweleza yote, la beseni, la rangi, la kunyamaza kwangu uani. Nikamwomba radhi.

"Mama," akasema, "hebu niambie. Mchanga ulichanganya kiasi gani?"

"Mchanga? Mchanga gani?"

"Saruji tupu?"

"Si ndiyo yenye nguvu?"

Nikasikia kitu kama mtu anayepaliwa, kisha kicheko, na nyuma yake sauti ya binti yangu ikiuliza kuna nini. "Mwambieni fundi asianze peke yake," akasema akihema. "Hiyo haitoki kwa tindo moja. Nakuja."