Pikapu Niliyoizika

Pikapu niliyoizika mwaka jana iliingia garajini kwangu Jumanne, saa mbili asubuhi, ikitembea yenyewe. Mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Nimefungua injini hapa Makiso miaka ishirini na sita, nimekuta panya wamezalia ndani ya chujio la hewa na nyoka amejikunja juu ya betri, sikupiga kelele. Lakini siku hiyo spana iliniponyoka ikaniangukia kidole cha mguu, na maumivu sikuyasikia mpaka baadaye.

Niliitambua kwa mlango wake wa kushoto, wa kijani, wakati mwili mzima ni mweupe. Ilikuwa ya rafiki yangu Hilaire. Dizeli ya mwaka themanini na tisa, tena otomatiki, kitu adimu katika mji ambao watu wake huamini kwamba gari lisilo na pedali ya klachi lina ulemavu. Kwa kuwa mimi nazijua otomatiki, watu huniita Docteur, yaani daktari. Jina hilo nalipenda mno, nakiri.

Mwaka jana Hilaire aliniletea pikapu hiyo saa saba mchana, baada ya kubeba mchele tangu alfajiri. Ilinguruma, ikang'ang'ania gia ya kwanza, kisha ikarukia ya pili kwa teke lililonitikisa meno. Nilizunguka nayo dakika mbili. Nikanusa hewa, nikatikisa kichwa.

"Boîte ilikufa, ndeko, ndugu yangu," nilimwambia. "Usijichokeshe bure."

Boîte ndiyo giaboksi, na ya gari lile haipatikani hapa wala Kinshasa. Hilaire alikaa chini kwenye tairi bovu nusu saa nzima. Kisha akaiuza pikapu kama vyuma, na kwa umri wa miaka hamsini na minne akaingia katika kazi ya toleka, kubeba abiria nyuma ya baiskeli kwenye kiti cha sponji. Tangu hapo kila siku saa sita hupita garajini kunipeleka nyumbani kula, na hakubali nilipe. "Wengine wangenidanganya," husema. "Weye uliniambia ukweli."

Sasa maiti ile ilikuwa imesimama mbele yangu, injini inanguruma vizuri, na akashuka mama mnene mwenye kitenge cha zambarau. Alijitambulisha kuwa Solange, mtu wa Kindu, anauza kwanga, ile mihogo iliyopondwa na kufungwa kwenye majani, na gari amelinunua kwa wauza vyuma.

"Papa, asubui gari iko muzuri kabisa," alisema. "Jua ikipanda, inaanza kulia tu, inakataa kubadirisha vitesse, gia hizi. Donc miye natembezaka kwanga asubui, kisha naiacha ilale. Mafundi wawili walisema boîte ilikufa. Niliwauliza: mufu gani huyu anaamukaka kila siku saa kumi na moja?"

Swali lile lilikuwa la mtu asiyejua hata boneti inafunguliwa wapi, na mimi mwenye jina sikuwahi kujiuliza.

Tukatoka kuijaribu, yeye kwenye usukani, kuelekea daraja la Tshopo. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, laini kabisa. Tulikwenda na kurudi mara tatu, mpaka jua likawa kali na injini ikapata moto sawasawa, na hapo ndipo mambo yakaanza: kelele, kung'ang'ania gia ya kwanza, kisha lile teke nililolijua. Ugonjwa uleule wa mwaka jana, ila sasa nimeuona unaanza.

Tuliporudi garajini nilifanya jambo ambalo mwanafunzi wa wiki ya kwanza hulifanya, na ambalo mimi, Docteur, mwaka jana sikulifanya. Nilichomoa kijiti cha kupimia oili ya boîte. Oili ilikuwa nyekundu, safi. Nikainusa, nikainusa tena, haikuwa na harufu yoyote ya kuungua. Boîte iliyokufa hutoa oili nyeusi inayonuka.

Basi mwaka jana nilinusa nini? Niligeuza kichwa. Ng'ambo ya uzio jirani yangu mama Agathe alikuwa akikaanga maandazi yake ya mviringo kwa mafuta ya siku ya tatu, kama anavyofanya kila siku ya Mungu. Nilikuwa nimeihukumu boîte ya mtu kwa harufu ya maandazi.

"Papa, uko mugonjwa?" Solange aliuliza.

"Hapana, mama. Acha injini iendelee, nione kitu."

Gari la otomatiki la zamani namna ile lina mrija mwembamba unaovutwa hewa na pampu ya injini. Kwa mrija huo boîte husikia injini inafanya kazi kiasi gani, ndipo ijue wakati wa kubadili gia. Mrija ukiziba, boîte hudhani gari linapanda mlima na mzigo mkubwa, ikangoja na kungoja, mwisho ikabadili kwa kishindo. Niliufuata mrija kwa kidole kutoka kwenye pampu. Ulikuwa mpira mweusi, mgumu, mzima. Kisha, nyuma ya injini, penye joto kuliko pote, kidole changu kikagusa kitu laini.

Kilikuwa kipande cha mrija wa dripu ya hospitali, kirefu kama kiganja, kimegeuka manjano kwa uzee. Joto lilikuwa limekilainisha, na pampu ilikuwa imekinyonya mpaka kikalala bapa. Nilizima injini na kungoja. Kilipopoa, kikajijaza tena polepole mbele ya macho yetu.

Solange alipiga makofi. "Njo hii! Eh, Mungu wangu, ni hii tu! Nani mupumbavu aliweka tuyau ya sérum ndani ya gari?"

Mimi nilikuwa nimeona waya. Mrija ulifungwa kila upande kwa waya wa shaba, mizunguko mitatu, na ncha yake imekunjwa kuwa kipete ili isichane mkono wa mtu. Hapa mjini ni fundi mmoja tu anayefunga hivyo. Ni mimi.

Nikakumbuka yote kwa mara moja. Miaka miwili na nusu iliyopita, mimi na Hilaire tulikuwa tunarudi kutoka Yangambi, mrija wa asili wa gari ukapasuka porini. Mke wangu Berthe ni muuguzi, alikuwa amesahau dripu mpya kwenye mfuko wangu. Nikakata, nikafunga. Hilaire alinishangilia njia nzima. "Ni ya muda tu," nilimwambia, "tukifika nitaweka ya kweli." Tulipofika tulikwenda kunywa. Niliusahau kabisa. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeitia gari ugonjwa, na ulipokomaa, mimi ndiye niliyesema limekufa.

"Ni fundi mumoja tu wa barabarani," nilimwambia Solange. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyosema. Alimtukana fundi huyo kwa Kiswahili na kwa Lingala, akamaliza kwa Kifaransa, na mimi nikatikisa kichwa kumuunga mkono. Nikaweka mrija mpya wa mpira. Akasema atarudi saa nane kulichukua gari, akaenda sokoni.

Saa sita kamili kengele ya baiskeli ikalia. Hilaire aliingia, shati limelowa jasho mgongoni, akasimama kama aliyegonga ukuta.

"Docteur! Hii si gari yangu?"

"Ni yenyewe."

"Ilikufa!"

Ufunguo ulikuwa umening'inia garini. Alipanda bila kuuliza, akatoka nayo barabarani kwenye jua la saa sita, akazunguka mtaa. Nilisikiliza nikiwa nimesimama: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Aliporudi machozi yalikuwa yakimtoka na anacheka.

"Umefufua mufu!" alipaza sauti mpaka mama Agathe akaacha mwiko wake. "Mama Agathe, kuya kuona! Huyu si docteur, huyu ni profeseri! Alifungua boîte ya kufa, akaitengeneza!" Akanikumbatia na jasho lake lote. Watu walianza kusimama kwenye uzio.

Ningeweza kunyamaza. Mrija ulikuwa kwenye mfuko wa suruali yangu, hakuna aliyeuona ila mama wa kwanga asiyemjua Hilaire. Lakini alikuwa bado amenishika, na nilikuwa nasikia moyo wake unavyodunda kwa zile safari za asubuhi. Nikamvuta nyuma ya gari, mbali na watu, nikautoa.

"Boîte haikufaka, Hilaire. Sikuifunguaka hata. Ilikuwa hii tu."

Aliuchukua. Aliugeuzageuza, akafika kwenye waya, akapitisha kidole juu ya kile kipete. Alikuwepo nilipokikunja. Alikuwa amenishikia tochi.

Nilingoja ngumi. Nilingoja anitukane ukoo mzima, na kwa kweli nilitamani afanye hivyo. Uso wake ulibadilika tu rangi, ukawa wa majivu. Aliangalia pikapu, akaangalia baiskeli, akaniangalia mimi.

"Dakika mbili," alisema. "Uliiangalia dakika mbili."

Akautia mrija mfukoni mwake, akapanda baiskeli, akaondoka. Saa nane Solange alilichukua gari lake, na siku hiyo nilirudi nyumbani kwa miguu.

Jumatano sikutegemea kumwona. Saa sita kamili kengele ikalia, naye amesimama mlangoni kama siku zote. Mrija wa dripu ameufunga kwenye usukani wa baiskeli, kwa waya uleule, kipete kikiwa juu. Hajamwambia mtu yeyote, nimeuliza kwa hila nikathibitisha.

"Docteur!" ananiita mpaka leo, kwa sauti ileile, mbele ya wateja na mama Agathe. "Panda, twende tukule."

Nami napanda. Barabara ya kwetu ina mlima kidogo. Nikiwa nyuma yake, nasikia anavyohema.