Bango la Ukuta Mzima

Chiku alikuwa fundi cherehani, na fundi kwelikweli, siyo hawa wanaokukata kwapa ukabaki unatembea mikono imekuganda hewani. Huu ulikuwa mwaka wake wa tisa katika chumba cha mbele cha nyumba ya Mzee Mwinyimvua, pale Kariakoo. Nyumba yenyewe ya Kiswahili, vyumba sita na ua, iliyojengwa na baba yake mzee. Kushoto ghorofa, kulia ghorofa, yenyewe imebaki chini katikati. Tajiri mmoja, Seifu, aliitaka miaka yote ili naye apandishe ghorofa lake. Kila akija, mzee humpa kahawa, humsikiliza hadi mwisho, kisha humjibu, "Nitatoka humu nimebebwa, mwanangu."

Shida ya Chiku ilikuwa haonekani. Wateja wapya walimpita hivi hivi wakiangalia mataa ya maduka ya jirani. Ndipo akamwita Theophil, mchora mabango, naye akautazama ukuta akacheka. "Dada Chiku, bango dogo Kariakoo ni sawa na kunong'ona ngomani." Akachora kuanzia mlangoni mpaka pembe ya nyumba: mwanamke wa gauni la njano, mrefu kuliko mlango, na CHIKU MITINDO kwa herufi nene.

"Na kibali?" Chiku aliuliza.

"Kibali! Nani ana kibali mtaa huu?"

Basi, yakaishia hapo. Mzee alimpenda sana yule mwanamke wa ukutani, akawa anamwita mke mdogo, na Bi Mwanamkuu mkewe akawa anamtukana mwanamke wa watu bila kosa. Walicheka sana mwezi ule.

Barua ya halmashauri ikamkuta Chiku dukani peke yake. Aliisoma mara mbili. Ilisema wazi: tangazo limezidi kipimo na halina kibali, alipunguze na kujaza fomu ndani ya siku kumi na nne, la sivyo litawekwa alama na kufutwa. Hakuna mahali palipotajwa nyumba. Chiku akaikunja, akaisukumia chini ya vitambaa. Aliogopa nini? Aliona haya, basi. Ukuta wa mtu, halafu wewe mpangaji unamletea mzee wa watu barua ya serikali! Nitayamaliza mwenyewe kimyakimya, alijiambia, hata hatajua. Jamani, Chiku! Siku ya tano ikaja simu kutoka Lindi, mama yake amefariki. Akafunga duka, akapanda basi.

Siku kumi na nne zikaisha akiwa hukohuko msibani. Wenye rangi nyekundu wakaja. Tangazo lilikuwa ukuta mzima, basi na alama ikawa ya ukuta mzima: X kutoka juu hadi chini, na tarehe pembeni. Sasa wewe mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba X nyekundu ukutani siyo ya kubomoa nyumba! Mdogo wake mzee aliwekewa kama ile, akaenda ofisini kuuliza, akazungushwa njoo kesho, njoo kesho, mpaka tingatinga likamkuta uani na mswaki mdomoni. Hakuokoa hata bati. Kwa hiyo Mzee Mwinyimvua hakwenda kuuliza. Majirani walikuja kumpa pole, wakakaa barazani wameinamisha vichwa.

Na kila jioni alimpigia Chiku simu. Umekula, mwanangu? Kisomo kimekwenda vizuri? La X hakuligusa. Kwao mfiwa haongezewi msiba. Aachwe alie kwanza, mengine yatamkuta akirudi. Na Chiku kule Lindi, kwa haya zile zile, hakuigusa barua. Waliongea kila siku, wiki tatu nzima, wakaagana kwa dua.

Seifu alikuja siku ya tatu baada ya X. Kufa kufaana. Akataja nusu ya bei aliyoitaja mwaka juzi, na mzee akatia saini. "Nusu shari kuliko shari kamili," alimwambia mkewe.

Chiku aliporudi alikuta vitanda viko uani. Akasimuliwa kisa chote. Akafukua barua chini ya vitambaa, akamwambia Bi Mwanamkuu tu kwamba anaenda kuuliza, akatoka mbio.

Ofisa aliyempokea aliitwa Evelyn, mtu mpole, akafungua jalada taratibu. "Nyumba? Nani amezungumzia nyumba, dada? Ni tangazo tu. Ungelipunguza, ukajaza fomu, tungemalizana siku hiyo hiyo." Akamsogezea karatasi. "Hata sasa hujachelewa." Chiku akalia pale pale kaunta, na watu wa foleni wakamtazama.

Alirudi kwa miguu, akimpita kila mtu bila kumwona. Mzee alikuwa barazani anafunga godoro kwa kamba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho mekundu hivyo?"

Chiku akapiga magoti akamwambia yote: barua, vitambaa, haya, maneno ya Evelyn. Hakujitetea. "Lilikuwa bango tu, baba. Nyumba haikuwa na neno. Nimekuponza."

Afadhali angempiga. Mzee aliketi juu ya lile godoro, akautazama ukuta, yule mwanamke wa njano na X juu yake. Machozi yakamshuka kwenye ndevu bila yeye kuyafuta.

"Mwanamkuu kazaa watoto saba humu," alisema. "Siku niliyouza alilia mpaka akatapika. Nimemtuliza kwa neno moja tu, kwamba wangebomoa."

Kabla Chiku hajajibu, Bi Mwanamkuu akatokeza mlangoni na sufuria mkononi. "Umerudi! Haya, wale watu wamesemaje?"

Chiku akafungua mdomo. Mzee akamuwahi.

"Jumatatu," alisema. "Tingatinga lilikuwa lije Jumatatu."

Bi Mwanamkuu akashika kifua. "Alhamdulillahi! Mungu alikuonyesha, mume wangu." Akamgeukia Chiku, na uso wake ukakunjuka kwa mara ya kwanza tangu nyumba iuzwe. "Unaona baba yako alivyo na akili? Wenzake walingoja. Hebu njoo unishikie kabati upande ule."

Chiku akaenda akalishika.