Karatasi za Mama Wachira

Ndunge alipenda kutangaza mbele za watu kwamba wivu ni homa ya majirani, na kwamba yeye hajawahi kuugua hata mafua yake. Akishasema hilo, la pili lilifuata kama trela nyuma ya lori: katika miaka kumi na miwili ya ukalimani pale kanisani Ziwani, hajaongeza neno wala hajapunguza neno. Mhubiri akitoa kumi, waumini wanapata kumi. Wengi walimwamini. Yeye mwenyewe alijiamini kuliko wote, na shida ilianzia hapo.

Kazi yenyewe aliiweza, tusimnyime haki yake. Akina mama wazee waliotoka Machakos na Kitui kuja kukaa na watoto wao mjini walitaka mambo ya roho yawafikie kwa Kikamba, hata kama sukari waliinunua kwa Kiswahili. Basi mgeni akihubiri kwa Kiingereza, Ndunge alisimama kando yake, kitambaa kimekazwa kichwani, akageuza. Mgeni akirusha mkono, naye anarusha. Mgeni akinong'ona, naye ananong'ona. Kuna mhubiri aliyewahi kupaliwa na mate katikati ya kitabu cha Ayubu, na wapo wanaoapa kwamba Ndunge alikohoa pia, kwa Kikamba.

Halafu mwaka wa tisini na nane akaja Lydiah.

Lydiah, ambaye majirani walimwita Mama Wachira kwa jina la mwanawe wa miaka mitatu, alikuwa mke wa Gachanja fundi wa viti, na mpiga chapa katika ofisi moja ya mjini. Ofisi hiyo ilikuwa imeunganishwa na intaneti. Wakati huo pale Ziwani intaneti ilikuwa kama theluji: kila mtu amesikia ipo, hakuna aliyeishika. Mkubwa wake alimruhusu kuitumia saa ya chakula cha mchana, na badala ya kula, Lydiah aliiuliza maswali. Mtu afanye nini ili aishi kwa furaha. Mtoto mkaidi analelewaje. Akili ikichoka inapumzishwa vipi. Majibu aliyatoa kwa printa, akayaleta Jumamosi mchana kwenye chama cha akina mama katika ukumbi wa kanisa, karatasi zikiwa bado zimenyooka kama shati la bwana harusi.

Yeye alisoma Kiingereza, ambacho wengine pale hawakukijua, Ndunge akageuza Kikamba. Ndivyo mambo ya mbele yalivyofanywa siku zote pale, na Lydiah, mtu wa Nyeri, hakuona la ajabu. Kikamba chake kilianzia kwenye salamu na kuishia kwenye kushukuru chai.

Chama kilimpenda. Wanawake ambao zamani wakigombana na wakwe zao walibisha kwa Ndunge, sasa waliandika maswali kwenye vijikaratasi na kumpelekea Lydiah, naye Jumamosi iliyofuata akaja na jibu. Susu Koki, bibi mkongwe kuliko wote, aliyeketi mbele kabisa kwa sababu ya masikio, alisema karatasi za Mama Wachira zimemponya kukosa usingizi. Alisema hivyo akimwangalia Lydiah. Maneno yenyewe aliyapata kwa mdomo wa Ndunge, lakini nani huushukuru mfereji?

Hayo yote Ndunge angeyameza. Lililomkwama kooni lilikuwa Kathini.

Kathini alikuwa binti yake wa pekee, miaka kumi na sita, kidato cha pili. Tangu muhula wa pili uanze, msichana alikuwa amezimika. Alilala kutwa na usiku hakulala. Chakula alikichokoa kama anatafuta kitu alichoangusha. Baba yake, Nzomo, alikuwa dereva wa malori ya masafa na alionekana nyumbani mara moja kwa wiki mbili, kwa hiyo shida hii ilikuwa ya Ndunge peke yake, na Ndunge alikuwa ameshaipa jina: uvivu.

"Umekula?"

"Eeh."

"Umekula nini?"

"Chakula, mum."

Mazungumzo ya nyumbani yalifika hapo yakakauka. Lakini jioni moja, Ndunge akiwa jikoni, alisikia kicheko kutoka nyumba ya tatu, na alikijua. Alikizaa mwenyewe. Kathini alikuwa kibarazani kwa Lydiah, amempakata Wachira, anaongea na mikono inaenda. Sufuria za nyumbani zilikuwa zimelala na ukoko tangu asubuhi, na huko msichana alikuwa anasuuza vikombe vya watu bila kuambiwa.

"Huko kwa Mama Wachira kuna nini ambacho hapa hakuna?" Ndunge alimuuliza siku hiyo.

"Hakuna kitu."

"Basi kaa hapa."

Kathini alikaa. Alikaa kama mzigo ambao mwenyewe amesahau kuja kuuchukua, uso ukutani, mpaka Ndunge akatamani aende tu. Alitaka kumwuliza jambo, hata hakujua ni jambo gani. Badala yake akamwambia aoshe sufuria.

Alhamisi ya wiki hiyo Ndunge alijipeleka mjini kuiona hiyo intaneti. Alijiambia anakwenda kujifunza. Ukweli ni kwamba alikuwa na hakika Lydiah hujitungia zile karatasi, na alitaka kumkamata mkono ukiwa mfukoni.

Lydiah alifurahi kumwona, jambo lililomuudhi zaidi. Alimvutia kiti, akabonyeza, na mashine ikalia mluzi kama birika lenye kifua. "Inapiga simu," Lydiah alieleza. "Niambie tutafute nini, Mama Kathini."

"Furaha," Ndunge alisema, kwa sauti ya mtu anayeagiza nyama dukani ambako anajua imeisha.

Lydiah akaandika. Walingoja. Picha ilianza kushuka mstari kwa mstari: nywele za mwanamke wa kizungu, paji la uso, nyusi, macho mawili, pua. Ilipobaki mdomo, simu ikakatika.

"Sasa tutajuaje kama anacheka?" Ndunge aliuliza.

Lydiah alicheka mpaka akashika meza, na kwa dakika nzima Ndunge karibu ampende. Kisha Lydiah akafuta macho na kusema, "Hii kukatika humkasirisha Kathini. Na ana mkono mwepesi huyo, ananishinda mimi kutafuta."

"Kathini wangu?"

"Likizo alikuja hapa mara mbili tatu. Hakukwambia?"

"Aliniambia," Ndunge alisema. Ulikuwa uongo wake wa kwanza katika jambo hili, na ulitoka laini kama mafuta.

Jumamosi, Lydiah alisoma karatasi kuhusu viboko. Ilisema mzazi akihisi hasira aiweke fimbo chini, atoke nje, ahesabu pumzi zake, kisha arudi kuongea. Ndunge alisikiliza. Alimtazama Lydiah amesimama na miwani yake midogo, anangojewa na wanawake arobaini kama mvua. Akafungua kinywa akasema kwa Kikamba: "Mzazi akihisi hasira, achague fimbo nyembamba."

Akina mama walitikisa vichwa kwa kuridhika. Lydiah naye alitabasamu, akaona ujumbe umefika.

Tuseme ukweli, jambo hilo lilikuwa tamu. Ndunge alitembea kwenda nyumbani akiwa mwepesi. Wiki iliyofuata karatasi ilihimiza mzazi amsifu mtoto kila siku. Kwa Kikamba ilionya kwamba sifa huvimbisha kichwa. Ya baadaye ilisema mama apumzike nusu saa kila jioni. Kwa Kikamba mama alipewa nusu saa zaidi ya kazi, na hapo watu wakaanza kunung'unika. "Hizi karatasi za siku hizi zimekuwa chungu," Susu Koki alisema wakinywa chai. Lydiah alimuuliza Ndunge bibi amesemaje. Ndunge alimwambia bibi anasifu chai.

Watu walipungua. Maswali kwenye vijikaratasi yalipungua. Ndunge aliona mambo yanarudi mahali pake, akabaki kungoja binti naye arudi. Hakurudi. Alizidi kukonda, na kibarazani kwa Lydiah ndiko alikoongea.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi, Kathini mwenyewe alitokea mlangoni mwa ukumbi. Hakuwa amewahi kuja kwenye chama. Saa hiyo vijana wenzake walikuwa kwenye kwaya. Aliketi kwenye benchi la nyuma kabisa, sweta la shule limevutwa mpaka kwenye vidole.

Ndunge alimwona, na moyo ukamruka. Halafu akaona Lydiah anamwashiria msichana kwa kichwa, na msichana anajibu kwa kichwa. Moyo ukarudi chini na kitu kingine kikapanda.

"Leo kuna swali moja tu," Lydiah alisema kwa Kiswahili. "Limeulizwa na msichana. Ameomba nisitaje jina. Nitasoma swali, kisha jibu nililolipata."

Akasoma kwa Kiingereza. Msichana alisema hana usingizi, analia bila kujua kwa nini, na kila asubuhi anajiona hana faida kwa mtu. Mama yake anaamini ni mvivu. Afanyeje ili mama amsikie?

Mkalimani mzima angesimama hapo apumue. Lakini Ndunge hakuwa anasikiliza swali. Alikuwa anamtazama Kathini anavyomtazama Lydiah, macho wazi, kama mtu anayengoja jina lake liitwe. Miezi yote hii alikuwa akitamani kutazamwa hivyo. Swali aliligeuza vizuri, neno kwa neno, kwa mazoea. Jibu ndilo lililomponza.

"Usimwite mvivu," Lydiah alisoma. "Huzuni ya namna hii ni ugonjwa kama malaria, na ina matibabu."

"Msichana wa namna hii," Ndunge alisema kwa Kikamba, "amezoeshwa vibaya na watu wa nje."

"Kaa karibu naye. Muulize, halafu nyamaza usikie."

"Aondolewe kwenye nyumba za majirani. Apewe kazi mpaka machozi yakose nafasi."

"Na ikiendelea, mpeleke kwa daktari. Mwambie hukasiriki naye."

"Na mama yake asijilaumu," Ndunge alimalizia, mkono hewani kama Lydiah alivyoinua wake, "maana mtoto akitaka kuringa, ataringa tu."

Akina mama waliguna kukubali. Susu Koki alisema huyo msichana aletwe kwake apepete maharagwe gunia zima, ataona kama atalia.

Kule nyuma benchi lilikwaruza sakafu. Kathini alikuwa amesimama. Alikuja mbele katikati ya viti, polepole, na Ndunge alidhani anakuja kwake. Alijikuta hata amenyoosha mkono. Kathini alipita mkono huo, akachukua karatasi kwa Lydiah, akawageukia wanawake.

Akaisoma kwa Kikamba. Kikamba chake kilikuwa cha mjini, kimechanganyika, hapa na pale alikwama akatafuta neno, lakini aliisoma yote. Usimwite mvivu. Ni ugonjwa kama malaria. Kaa karibu naye. Kwenye daktari alisita, akarudia mstari.

Alipomaliza alimgeukia mama yake, na sasa hakusoma.

"Mwaitu, nilimwomba anti aisome hapa kwa sababu wewe ndiye unayegeuza. Nilitaka nikusikie ukiyasema kwa mdomo wako. Hata kama hukujua ni mimi. Nilisema, akishayasema mara moja, pengine yatamkaa." Alivuta sweta. "Hakuna hata moja ulilosema. Nimekaa pale nyuma nikasikia yote mawili, Kiingereza na chako."

Susu Koki aligeuza sikio lake zuri upande wa Ndunge na kusubiri. Wengine wote walisubiri pia. Ndunge aliiangalia karatasi, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuiangalia kuliko uso wa msichana, na kwa mara ya kwanza aliona jinsi vidole vilivyoishika vilivyokonda.

Lydiah ndiye pekee ambaye hakuwa ameelewa kitu. Aliona binti analia, wanawake wameganda, na mwenzake amesimama kama nguzo. Akamgusa Ndunge kiwiko, kwa upole wa mtu anayeuliza njia.

"Mama Kathini," alisema, "amesema nini?"

Ndunge aliinua macho. Kathini alikuwa anamkazia, hakupepesa, anangoja asikie kitakachotoka.

"Anasema," Ndunge alianza kwa Kiswahili, na sauti ikamtoka ndogo kuliko alivyoizoea, "anasema nimewadanganya."

"Na?" Kathini aliuliza.

"Na kwamba swali ni lake."