Boksi Lisilo na Tundu

Mama mkwe wangu alitoa tangazo lake Jumatatu asubuhi, akikoroga chai, kwa sauti ya kawaida kabisa. Jumamosi angekwenda mazoezini kwa mara ya mwisho na kukabidhi kwaya kwa mtu mwingine.

"Masikio yamekwisha," alisema. "Kwaya haiongozwi na kiziwi."

Nilitaka kulia, na nilitaka pia kurusha kijiko. Miaka ishirini na miwili amefundisha kwaya ile ya wauguzi. Wakifanya mazoezi Jumamosi, katibu wao anarekodi kwa simu na kumtumia, maana akiwa mbele yao anashughulika na mapigo, na Jumapili baada ya chakula Mama anakaa sebuleni na daftari mapajani, anasikiliza kwenye spika na kumnasa kila aliyekosea. Watu thelathini wanaimba kwa pamoja, yeye anakuambia ni yupi kapanda, ni yupi kashuka, na ni yupi amefungua mdomo tu bila kutoa kitu. Wauguzi wanamwogopa kuliko daktari mkuu.

Lakini tangu tuhamie nyumba hii, miezi mitano sasa, daftari lilikuwa halina kitu. Alisikiliza, akarudia, akasema wote wananguruma tu. Kisha kwaya ikaenda kuimba kwenye mahafali, ikaharibu mbele ya watu, naye akarudi nyumbani akavua viatu, akaingia kulala. Siku ile ndipo alipokata tamaa, na mimi nililiona hilo kuliko wanawe wote wawili.

Mume wangu alisema ni uzee. Mdogo wake alisema ni uzee. Mimi nilisema ni spika.

Hapo nilikuwa nimechokoza nyuki, maana spika zenyewe zilikuwa zawadi ya kuhamia kutoka kwa huyo mdogo wake, shemeji yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Besi kwa kupenda sauti nzito, na hakusingiziwa. Zilikuwa ndefu kufika kiunoni, kila moja ina tundu mgongoni linaloingia ngumi. Sebule yetu ni hatua tano kwa nne. Ukishaweka makochi, meza na mlango wa kufungukia ndani, spika hazina pa kukaa ila kubanwa ukutani, migongo imegusa rangi.

Na ushahidi nilikuwa nao. Wiki moja nyuma nilikuwa napiga deki huku rekodi ya kwaya inalia. Nikaburuta spika moja mpaka katikati ya chumba ili nipitishe tambara. Mama, aliyekuwa jikoni, akauliza, "Nani huyo anakohoa?" Nikarudisha rekodi nyuma. Kweli, kuna mtu kakohoa katikati ya ubeti wa pili. Nikaisukuma spika ukutani tena, na kikohozi kikamezwa chote. Nilipomwambia Mama, alinishika mkono akasema, "Mwanangu, usinifariji." Nilikasirika mpaka nikaunguza chakula.

Basi Jumanne niliacha cherehani yangu, nikaenda kwenye duka la vipuri vya redio. Besi akanifuata bila kualikwa. "Shemeji, siwezi kukuacha ukadanganywe," alisema, na uso wake ulikuwa wa mtu anayekwenda kumdhamini ndugu polisi.

Mwenye duka alikuwa mama mmoja mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alikuwa anauza seti za kujiundia: unapewa spika ya sauti nzito, ya sauti nyembamba, kibao cha waya kinachozigawia sauti hizo, na mchoro wa boksi. Mbao unajitafutia. Alikuwa na seti tatu zilizokwisha kuundwa kwa ajili ya kusikilizisha wateja, zimepangwa juu ya stuli katikati ya duka.

Tulisikiliza ya kwanza, yenye tundu nyuma. Besi akafumba macho kwa raha. Ya pili tundu lake lilikuwa mbele, nayo ikapita. Ya tatu ilikuwa boksi dogo lisilo na tundu popote, na ilipoanza kulia Besi aliangua kicheko.

"Hii ina njaa," alisema. "Shemeji, hii hata ukiilisha wiki nzima hainenepi."

Hakukosea. Ilikuwa nyembamba, kama mtu anaimba akiwa amebana pua. Lakini mimi ni fundi nguo. Gauni likining'inia kwenye hanga sina maoni nalo. Nataka kuliona mwilini.

"Samahani mama," nilimwambia mwenye duka, "kwangu zitakaa ukutani. Naomba nizijaribu ukutani."

Alinitazama juu ya miwani. "Miaka yote nauza hapa, hakuna aliyewahi kuniomba hilo." Akaondoa kalenda na maboksi ya betri, tukapanga stuli ukutani, tukaanza upya. Nilitoa simu yangu, nikaweka rekodi ya wauguzi.

Ile ya kwanza, kipenzi cha Besi, ilivimba. Sauti za kina dada wale zikawa uji. Ya pili ikavimba kidogo. Nikaiweka ya tatu, ile yenye njaa, mgongo wake ukagusa ukuta. Sauti ilikuwa imejaa, haikunenepa kupita kiasi, na kila neno lilikuwa limesimama peke yake. Nilisikia kikohozi. Nilisikia hata mtu akifunua karatasi.

"Ukuta unaongeza besi bure," mwenye duka alieleza. "Spika nyingi zinatengenezwa kama hakuna ukuta, zikifika nyumbani zinazidiwa. Hii mchoraji wake kaipunguza makusudi, akauachia ukuta umalizie. Na haina tundu la kupigia ukuta kelele. Kitu kimoja tu: boksi lisivuje hewa hata chembe."

Nilimgeukia Besi. Alikuwa anakuna kidevu.

"Ya pili pia si mbaya," alisema.

"Shemeji."

"Haya, haya. Chukua hiyo."

Nilitoka na seti yangu kifua mbele.

Mume wangu ni seremala, na hapa lazima niseme haki: hakuna mtu anayeunga kona za mbao kama yeye. Nilimpa mchoro jioni ileile, akautazama, akasema ni kazi ya siku mbili. Jumatano na Alhamisi karakana yake nyuma ya nyumba ilinukia gundi, mimi nikashona pindo za watu huku moyo wangu uko kule. Alhamisi alasiri akaniita. Maboksi mawili yalikuwa juu ya benchi, yamepigwa msasa mpaka yanateleza, kona huoni zimeanzia wapi. Nilimkumbatia. Kisha nikaligeuza moja.

Nyuma, juu kabisa, palikuwa na matundu mawili ya duara, nadhifu, yamekaa sambamba kama vifungo vya shati.

"Haya nini?"

"Ya kupumulia," alisema kwa fahari.

Niwaambie jambo moja kuhusu mume wangu. Zamani aliwahi kumuundia mteja kabati, likawekwa kwenye ukuta wenye unyevu, na suti za yule mteja zote zikaota ukungu. Alifedheheka sana. Tangu siku hiyo hakuna kitu chenye mgongo kinachotoka mikononi mwake bila matundu mawili. Kabati la nguo, la vyombo, la vitabu, mpaka sanduku la viatu vya watoto. Mkono wake unatoboa wenyewe.

"Kwenye mchoro yapo?" nilimuuliza.

"Hayapo. Mchoraji alisahau. Nimemrekebishia."

Sikuweza kujizuia. Nilimpigia kelele mpaka jirani akachungulia ukutani. Nilimwambia boksi zima limechaguliwa kwa sababu halina tundu, kwamba kesho kutwa Mama anakwenda kukabidhi kwaya, kwamba badala ya kumrudishia masikio amempumulishia mbao. Alisimama pale na penseli sikioni, masikini, uso umemshuka. Na mimi nilipomaliza nikaona aibu, maana alitoboa kwa mapenzi.

"Nisamehe," nilisema.

"Nipe mpaka kesho," alijibu.

Alikata viduara vinne kutoka kwenye vipande vilivyobaki vya ubao uleule, akavisugua mpaka vikakaa kwenye matundu kwa kubanwa, akatia gundi na kupiga nyundo taratibu. Ijumaa asubuhi ukipitisha kidole mgongoni hujui kama paliwahi kuwa na kitu. Tukafunga spika, tukaunganisha waya kama karatasi ilivyoelekeza, na ndani nikajaza ile pamba ninayotumia kwenye mito.

Karatasi ilikuwa na kipimo cha mwisho. Unaisukuma ndani kwa vidole, polepole, ile spika ya sauti nzito, halafu unaiachia. Ikirudi kwa kujivuta, boksi limefunga. Ikiruka mara moja, linavuja. Tukasukuma ya kwanza. Ikarudi kama mzee anayeinuka kwenye kochi. Tukasukuma ya pili, ikaruka.

Mume wangu alishika kichwa. "Vizibo vyangu havivuji," alisema. "Naapa."

Havikuvuja. Nililowesha mkono kwa maji, nikaupitisha taratibu kila upande huku yeye anasukuma na kuachia, na upepo mwembamba ukanigusa pale waya unapoingilia, kwenye kile kibati cha kuunganishia. Kibati hakikulala vizuri. Hiyo sasa ilikuwa kazi yangu. Nilichukua pedi ya bega kutoka kwenye kikapu cha makoti, nikaipasua unene, nikakata sponji kwa kipimo cha kibati, nikaitoboa palipostahili na kukikaza kibati upya. Tukasukuma. Ikajivuta kurudi. Mume wangu akasukuma tena, na tena, anacheka kama mtoto, nikamwambia aache kabla hajaiharibu.

Jumamosi saa mbili asubuhi Mama alikuwa amekwisha kuvaa. Gauni la kijani, viatu vya heshima, mkoba mapajani. Besi alikuja mapema kuliko kawaida, akahamisha spika zake mwenyewe mpaka uwanjani, na ninampa heshima yake kwa hilo. Zile ndogo zikakaa kwenye rafu ya ukutani, migongo karibu na ukuta, moja huku na moja kule.

"Mama," nilisema, "kabla hujaondoka, sikiliza ile ya Jumamosi iliyopita."

"Nimeisikiliza mara tano, mwanangu. Sikupata kosa hata moja."

"Mara ya sita haiui."

Alihema, akakaa sawa, ili tu asinivunje moyo. Nilibonyeza simu. Mume wangu alisimama mlangoni, Besi akaegemea fremu ya dirisha.

Sauti ziliingia chumbani moja moja, zimeshikana lakini hazikuvurugana. Mama alikuwa anatazama mkoba wake. Ubeti wa kwanza ukapita. Ubeti wa pili ulipoanza, kichwa chake kiliinuka. Kidole kikaanza kugonga goti. Macho yakawa madogo.

"Rudisha," alisema.

Nikarudisha.

"Rudisha tena. Hapo. Simamisha!" Akasimama, mkoba ukaanguka chini. "Huyu wa wodi ya wazazi anashuka! Anashuka kila anapofika pale, na anawaburuta wenzake wawili! Na yule mrefu wa nyuma haimbi kabisa, anapumua tu! Na sauti ya kwanza wameingia mapema, wote, wote kabisa! Mungu wangu, hivi ndivyo walivyoimba kwenye mahafali?"

"Mama," mume wangu alianza.

"Nyamaza. Rudisha mwanzo."

Alisikiliza wimbo wote amesimama, mkono mmoja hewani, anapiga mapigo kama wamejipanga mbele yake. Makosa kumi na moja. Niliyahesabu, kwa sababu kila moja alilitaja kwa sauti, na kila moja lilinifanya nitake kupiga vigelegele. Wimbo ulipokwisha machozi yalikuwa yanamshuka, naye hakujishughulisha kuyafuta. Alikuja akanishika uso kwa mikono miwili.

"Ninasikia," alisema. "Mwanangu, ninasikia kila kitu."

"Siku zote ulikuwa unasikia, Mama."

Besi alikuwa amegeukia dirishani, anajifanya anatazama nje. "Hazina besi ya kutosha," alisema.

Mama alikuwa tayari ameokota mkoba na kutoa simu yake, anampigia katibu. Mazoezi huanza saa nne. Alimwambia awataarifu wote wafike saa tatu, na yule wa wodi ya wazazi afike kabla ya wenzake, na wasilete visingizio vya zamu. Akakata kabla katibu hajajibu, akaelekea mlangoni kwa hatua ambazo sikuwa nimeziona tangu tuhame.

"Lakini Mama," mume wangu alisema, "si leo ulikuwa unakwenda kukabidhi?"

Mama aligeuka, akamtazama kama amtazamavyo mtu aliyeimba vibaya.

"Nikabidhi nini?" alisema. "Kwaya yenyewe iko ovyo namna hii?"